Utitiri ulikula majani, mimi nikalaumu vumbi: misimu miwili ya matofaa Mutuini

MkulimaMutuini | Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakulima wenzangu, hamjambo. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye chai avute kikombe.

Nina robo ekari Mutuini, huku Dagoretti, yenye mitofaa 40: Anna 32 na Dorsett Golden 8, kwa sababu Anna bila mwenzake wa kumpa chavua huzaa kwa kubahatisha. Miti ina miaka sita. Majani huwa nayapukuchua kwa mkono mwanzoni mwa Oktoba, maana huku hakuna baridi ya kuyaangusha, maua yanafunguka mwisho wa mwezi huo, na matunda nachuma Februari hadi Machi. Kati ya mistari napanda maharagwe mvua za vuli zikianza. Ardhi ya Nairobi si ya kuacha ikae bure.

Januari ya mwaka jana, majani ya mistari miwili iliyo karibu na barabara yakaanza kufifia. Hayakuwa manjano ya kukosa mbolea. Yalikuwa ya rangi ya shaba, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Barabara yetu haina lami na malori ya mawe hupita kutwa, basi nikasema ni vumbi. Nikachukua kitambaa nikapangusa majani mawili matatu. Vumbi likatoka, shaba ikabaki.

Nikaenda agroveti (silitaji duka). Kijana aliyekuwa kaunta hakuniuliza hata swali moja. Akanipa chupa ya pairethroidi: "Hii inamaliza wote, mzee." Nikapiga mara tatu ndani ya wiki tano. Na kweli ilimaliza wote, nzi, buibui, vile vidudu vya duara kama nusu punje ya dengu, wote, isipokuwa niliyemtafuta. Kufikia katikati ya Februari nikigeuza jani naona utando mwembamba kama wa buibui, na chini yake vidudu vya utitiri vinatembea ambavyo jicho langu la miaka 58 haliwezi kuvihesabu.

Matunda hayakuwa na kidonda wala tundu. Yalikataa tu kukua. Msimu uliotangulia nilikuwa napima matofaa saba kwa kilo. Mwaka ule kilo ilitaka kumi na mawili. Mama ninayemuuzia Kawangware alizungusha moja kwenye kiganja akaniuliza, "Baba Nyambura, haya ni ya juisi ama ni ya watoto kucheza bano?"

Nikameza, nikasema msimu ujao. Msimu ujao ukafika, yaani Oktoba ya mwaka jana huo huo. Nikapukuchua majani kama kawaida, nikangoja maua. Mistari ya karibu na nyumba ikachanua vizuri. Mistari miwili ya barabarani, tawi lililozoea vishada thelathini lilitoa nane au tisa. Wakati huo utitiri haukuwepo hata mmoja, nilitafuta.

Swali langu: mdudu asiyegusa tunda anapunguzaje mavuno, tena mpaka msimu ambao hayupo? Na tafadhali msiniandikie jina la dawa peke yake. Majina ya dawa ninayo ya kutosha.

FundiBomba | Jumapili, saa 3:25 usiku

Abamektini. Funga uzi.

Mhasibu254 | Jumapili, saa 3:31 usiku

Amesema asiandikiwe jina la dawa, wewe umeandika jina la dawa.

MamaMiche_Tigoni | Jumapili, saa 4:02 usiku

Pole sana mzee wangu. Lakini niruhusu nikupinge kidogo kabla hatujamhukumu mdudu. Mimi nauza miche na kila mwaka napigiwa simu na watu wanaolia maua hayakuja. Mara nyingi ni mti uliobebeshwa kupita kiasi mwaka uliotangulia, ukaamua kupumzika. Mitofaa ina tabia hiyo, mwaka wa neema mwaka wa njaa. Ulipunguza vitunda vikiwa vidogo? Kama uliacha vyote kwa tamaa, usimsingizie utitiri.

MkulimaMutuini | Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mama Miche, asante, swali zuri. Nilipunguza, kishada kinabaki na tunda moja au mawili, na nilifanya hivyo shamba zima siku mbili mfululizo. Mistari ya karibu na nyumba ilibeba sawa na ya barabarani. Ya nyumbani haikugeuka shaba, na ndiyo iliyochanua. Kama ni mti kupumzika, mbona upumzike kwa kufuata barabara?

MamaMiche_Tigoni | Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Hapo umenifunga mdomo. Naendelea kusoma.

MkaguziWaWaridi | Jumatatu, saa 2:15 usiku

Mzee Mutuini, shikamoo. Nimefanya kazi ya ukaguzi kwenye shamba la waridi upande wa Limuru kwa miaka kumi na moja. Kazi yangu ni kugeuza majani na kuhesabu huyu huyu aliyekutesa. Wiki yangu ya kwanza msimamizi alituambia "leo tafuteni maiti kwenye nyumba namba nne". Nilikaribia kurudi nyumbani. Kumbe ndivyo alivyolitamka jina la Kiingereza la utitiri, "mite".

Kwanza, huyu si mdudu wa miguu sita. Ana minane akikomaa, ni ndugu wa buibui na kupe, na urefu wake ni kama nusu milimita. Wetu wa kila siku ni yule mwenye madoa mawili mgongoni, Tetranychus urticae. Kule kwenye baridi wanasumbuliwa zaidi na mwenzake mwekundu, Panonychus ulmi, anayelala majira yote ya baridi akiwa yai jekundu kwenye gome, na wakulima wa huko wanamwahi kwa mafuta kabla ya machipukizi. Wetu hapa hana baridi ya kumlaza. Anazaa mwaka mzima, na joto likikaribia digrii 30, kutoka yai hadi mzazi ni wiki moja tu na kitu.

Sasa swali lako. Anachoma seli za jani upande wa chini, moja moja, na kunyonya kijani chote. Seli iliyonyonywa haipiki tena chakula cha mti. Utitiri mmoja si kitu, ila wakiwa ishirini kwenye jani, kwa mwezi mzima, jani linabaki ganda. Na tofaa moja linahitaji majani kama 30 hadi 40 ya kulilisha likue vizuri. Ukiona shaba, majani 40 yanafanya kazi ya 20. Tunda halikuumwa, limelala njaa.

Na maua ya mwaka ujao hayaanzi mwaka ujao. Matumba ya maua yanatengenezwa ndani ya vichipukizi vifupi msimu huu huu, tunda likiwa bado mtini. Sukari ikiwa haba, mti unalisha tunda kwanza, na tumba linabaki la majani matupu. Ndiyo maana ulitafuta mdudu Oktoba ukamkosa. Ulikuwa unasoma deni la Januari.

Kabla sijaendelea, jibu hili moja. Yale maharagwe uling'oa lini?

MkulimaMutuini | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wiki ya pili ya Januari, kama kila mwaka. Tukayaacha yakauke kabla ya kupura.

MkaguziWaWaridi | Jumatatu, saa 2:43 usiku

Yakauke wapi?

MkulimaMutuini | Jumatatu, saa 2:58 usiku

...Tuliyaning'iniza kwenye matawi ya chini ya mitofaa. Chini palikuwa na kuku.

Mhasibu254 | Jumatatu, saa 3:00 usiku

Uwii.

MkaguziWaWaridi | Jumatatu, saa 3:36 usiku

Haki mzee, uliwatandikia ngazi.

Sicheki, maana karibu kila mtu hufanya hivyo. Huyu mwenye madoa mawili hula mamia ya aina za mimea, na maharagwe ni karamu kwake. Wanaomfuga kwenye maabara humfuga juu ya maharagwe. Alikuwa anazaliana pale chini tangu Novemba, mvua ikimpunguza punguza. Januari mvua ikaisha, joto likapanda, maharagwe yakakauka, akakosa chakula. Ukamwinua hadi mtini kwa mkono wako. Kama ulianza kung'oa upande wa barabara, basi umepata jibu la kwa nini ni mistari ile.

Vumbi nalo halikosi lawama. Jani lenye vumbi linamsumbua anayemla utitiri kuliko linavyomsumbua utitiri mwenyewe.

MkulimaMutuini | Jumatatu, saa 3:50 usiku

Tulianza upande wa barabara, kweli. Upande wa nyumba mke wangu aliyang'oa mabichi mapema, tukala. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwaza.

FundiBomba | Jumatatu, saa 4:10 usiku

Sawa, ngazi imejulikana. Sasa si bado atapiga abamektini? Ama tuimbe nyimbo?

MwanafunziKasarani | Jumanne, saa 7:20 mchana

Nimesomea wadudu, nakaa karibu na icipe huku Kasarani (kile kituo alichoanzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kwa wale wanaopita Thika Road bila kujua ni nini), kwa hiyo niongeze kipande changu.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, utitiri mwekundu ulikuwa tatizo dogo kwenye mashamba ya matofaa ya Marekani na Ulaya. Baada ya vita DDT ikaja, wakulima wakaipiga kwa furaha kuwaua nondo wa matofaa, na utitiri ukalipuka. Sababu ni ile ile ya mzee hapa. Dawa iliwaua walinzi. Kuna utitiri mla utitiri, umbo la tone la maji, unang'aa, na unakimbia. Yule mbaya hutembea pole pole kama mwenye shamba. Na vile vidudu vya duara ulivyoviua, mzee, vikiwa vyeusi vidogo kama kichwa cha pini, huenda walikuwa Stethorus, ambao chakula chao ni utitiri. Pairethroidi inawamaliza hao wote kwa siku moja, na wao hurudi polepole kuliko mlo wao.

Dokezo dogo: mwenye nyanya asidhani ni huyu huyu. Kwenye nyanya kuna mwekundu mwingine aliyetoka Amerika ya Kusini, Tetranychus evansi, na walinzi wetu wa kawaida hawamwezi. icipe walilazimika kumtafutia adui kutoka Brazil, Phytoseiulus longipes.

FundiBomba, abamektini inaua, sibishi. Ila mwenye madoa mawili ana sifa ya kuzoea dawa, ameshaandikwa kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90 duniani. Ukipiga hiyo hiyo kila wiki tatu, unachagua mbegu ya wale wasiokufa. Kwenye lebo kuna nambari ya kundi la dawa. Usirudie nambari, badilisha. Kubadilisha jina la chupa huku nambari ikiwa ile ile ni kubadilisha shati bila kuoga.

FundiBomba | Jumanne, saa 8:00 mchana

Hiyo ya shati nimeikubali. Je, salfa na mafuta ya kupulizia miti? Nina vyote stoo, na salfa inatibu ule ukungu mweupe pia.

MkaguziWaWaridi | Jumanne, saa 1:30 usiku

Kimoja, si vyote. Salfa na mafuta vikikutana kwenye jani, hata ukiacha siku kadhaa kati yake, majani yanaungua. Acha angalau wiki mbili. Na salfa kwenye jua kali la Januari inaunguza hata ikiwa peke yake, tena haiwapendi walinzi. Mafuta mepesi ni rafiki zaidi, mradi upige jioni na ulowanishe chini ya jani, si juu. Watu wanapiga juu kwa sababu ndiko wanakoona.

Sasa mzee, leo ni Januari na matunda yako yako mtini. Kabla ya chupa yoyote, hesabu. Nunua lenzi ya mkono ya mara kumi. Chukua miti kumi, majani matano kila mti, yale ya katikati ya tawi, si machanga ya ncha. Geuza, hesabu wanaotembea, hesabu na wale wanaokimbia kando. Gawa kwa hamsini.

Chuo cha Cornell kule New York huwaambia wakulima wao hivi: Juni, chukua hatua ukifika 2.5 kwa jani. Julai, 5. Agosti, 7.5. Usichukue miezi yao, chukua mantiki yake. Maua yao ni Mei, kwa hiyo mti ambao ndio kwanza umeangusha maua hauvumilii wengi, na karibu na kuchuma unavumilia zaidi. Wewe umetoka kwenye maua wiki kumi na moja, na unachuma wiki nne zijazo. Uko kwenye Julai yao ya mwisho, Agosti inabisha hodi. Na mti uliobeba sana ushushe kiwango, hauna akiba.

MkulimaMutuini | Alhamisi, saa 2:15 usiku

Nimehesabu. Mimi, Nyambura na lenzi tuliyoinunua mjini. Yeye macho yake ni mazuri, mimi nilikuwa karani.

Mistari miwili ya barabarani: 6 kwa jani. Mistari ya nyumbani: chini ya 1. Maharagwe mwaka huu yako bado ardhini, hayajakauka, na nilipogeuza jani la harage Nyambura alipiga kelele. Aliacha kuhesabu alipofika sitini.

Wanaokimbia: kwenye mistari ya barabarani tuliona 9 katika majani 50. Niliapa mwaka jana sipigi tena ile pairethroidi na sijapiga. Kumbe wanarudi.

Mhasibu254 | Alhamisi, saa 2:50 usiku

Hapa sasa ni kazi yangu. Mkaguzi amenitajia faraghani kuwa wataalamu hawatazami hesabu ya siku moja tu, wanajumlisha. Utitiri 6 kwa jani kwa siku 10 ni siku-utitiri 60. Wakiongezeka hadi 20 kwa siku 10 nyingine, unaongeza 200. Ni kama riba, kinachokuua si mkopo ni muda. Wiki nne kwa mwendo wa 6 bila kuongezeka ni 168. Kwa mwendo wa mwaka jana, sidhani ulikuwa chini ya elfu.

MkaguziWaWaridi | Alhamisi, saa 3:20 usiku

Safi. Walinzi 9 kwa utitiri 300 ni mmoja kwa thelathini na tatu. Sisi kwenye waridi tukipata mmoja kwa kumi tunalala usingizi. Kwa hiyo bado hawajatosha, lakini shamba halina moto.

Ningekuwa wewe: maharagwe usiyaache yakauke. Yang'oe yakiwa na majani mabichi, yatie guniani hapo hapo, yatoke shambani siku hiyo hiyo, kuku wakose. Mistari miwili ya barabarani ioshe kwa maji ya mpira kutoka chini kwenda juu, asubuhi, mara mbili kwa wiki. Inaondoa vumbi na inawaangusha wengi. Mwagilia ipasavyo, mti wenye kiu unaumia mara mbili. Mistari ya nyumbani usiiguse, hiyo ndiyo kambi ya walinzi wako.

Ukitaka kununua walinzi, wanafugwa na kuuzwa hapa nchini, watu wa maua wanawanunua kila siku. Phytoseiulus persimilis hula haraka ila anataka unyevu, mayai yake hukauka hewa ikiwa kavu. Kwa Januari ya Mutuini mimi ningeomba californicus, huyo huvumilia ukame na njaa. Na kama hesabu ikipanda juu ya 7 na walinzi hawaongezeki, piga mistari miwili tu, dawa ya utitiri peke yake, yenye nambari ya usajili ya PCPB (bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu) na siku za kusubiri zinazoisha kabla hujachuma. Bado wiki nne, soma lebo kwanza, lipa baadaye.

FundiBomba | Alhamisi, saa 3:26 usiku

Yaani mimi na bomba langu tumekosa kazi.

MamaMiche_Tigoni | Alhamisi, saa 3:40 usiku

Njoo Tigoni unioshee miche, bomba jipya lakini.

Na mzee, Oktoba ukipukuchua majani ya mistari ile, usiyaache chini ya mti. Wengi hufanya hivyo wakisema ni mbolea.

MkulimaMutuini | Jumapili iliyofuata, saa 11:45 jioni

Maharagwe yametoka yote Ijumaa, magunia matatu, tumeyapeleka kwa ng'ombe wa jirani ng'ambo ya mto. Mke wangu hajafurahi, anasema tumepoteza debe zima la mbegu kwa sababu ya kitu asichokiona. Nikampa lenzi. Ameangalia, amenyamaza, amenirudishia.

Leo tumehesabu tena mistari ya barabarani baada ya kuosha mara mbili. Utitiri 4 kwa jani. Wanaokimbia ni 14 katika hamsini. Kwenye mti wa tisa tumeona kidudu cheusi cheusi, kidogo kuliko mbegu ya mchicha, kimeinamia jani kinatafuna na hakikujali kivuli changu.

Nilipima matofaa matatu ya chini bila kuyachuma, kwa uzi: mzunguko ni sentimita 20, 19 na 21. Nitaweka uzi ule ule Jumapili ijayo.